Mawe ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Nimefungua daftari hili kwa sababu Jairo amenipigia simu kutoka Chunya, kwenye mradi wake wa maji, kwa ile sauti anayoitumia akitaka nikubali jambo kabla sijalisikia.

"Mke wangu, tata anakuja kukaa hapo nyumbani."

Nikasema karibu sana.

"Atakaa mpaka kidonda kipone."

Nikasema karibu sana. Kisha tukaagana, maana kilichobaki tulikijua wote wawili.

Kilichobaki ni hiki. Mimi ni Mnyiramba wa Singida, afisa ugani wa viazi, niliolewa huku Rungwe zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na katika muda wote huo sijapata kumwona baba mkwe wangu, huyo tata, usoni. Hatujagombana, ndiyo heshima yenyewe. Mzee Ambindwile ni wa kizazi kile ambacho mke wa mwana humwogopa mkwe. Hampishani njiani, hamkai chumba kimoja, hamsemezani, na jina lake hulitamki. (Kuliandika sidhani kama kumekatazwa. Walioweka mwiko hawakuwafikiria maafisa ugani.) Vijana wengi wameshaliacha jambo hili, wanakula ugali sinia moja na wakwe zao. Mzee hajaliacha. Nami niliyekuja na treni na basi nililikuta nikalishika kuliko wenyeji, kama mgeni yeyote anayeogopa kuonekana hana adabu.

Kwa hiyo mzee namfahamu kwa mgongo. Polisi wakinipangia wazee mstari mmoja nimtambue wangu, itabidi niwaombe wageuke.

Jumatano, 5 Machi

Amefika na bajaji. Nimejua kwa kikohozi, nikajitosa stoo, nikasimama katikati ya magunia ya mbegu mpaka miguu ikafa ganzi. Tusajigwe ndiye aliyempokea. Huyu ni binti yetu. Amemaliza chuo, yuko nyumbani anasubiri ajira, na wakati anasubiri ananisahihisha.

Mzee amepewa chumba cha uani. Baada ya chai Tusa akaja stoo kama balozi.

"Mama, babu anasema ndaga fijo, asante sana, kwa chumba. Atakaa. Ila siku mtakayokutana uso kwa uso, siku hiyohiyo anarudi kwake Lufingo. Anasema hawezi kuaibika uzeeni, wala kumwaibisha mtoto wa watu."

"Na mguu?"

"Amesema mguu utajijua."

Mguu hauwezi kujijua. Kidonda kiko juu kidogo ya kifundo, kina upana wa kiganja. Nesi amemwambia Tusa waziwazi kwamba kioshwe kila baada ya siku moja, kisiguswe na matope, la sivyo habari ya kukata itaanza kuzungumzwa. Na Lufingo msimu huu hakuna gari linalopanda ile njia, wala hakuna wa kukiosha. Basi nimeelewa kazi yangu ya masika haya. Nikionekana, mzee anapoteza mguu.

Ijumaa, 7 Machi

Shida ni uani. Choo, bomba, jiko na chumba cha mzee vyote vinatazamana, na ukungu wa hapa kwetu Makandana ukishuka alasiri huoni hata kamba ya nguo.

Mzee mwenyewe ndiye ameleta suluhisho. Huko kwao hutembea na tochi ndogo ya mfukoni, inawaka hata mchana, na kila mtu akiona nuru inakuja anajua ni nani. Tusa ameniletea sheria zote. Akitoka nje, anawasha, nami nikiona nuru natoweka. Nikitoka mimi, nawasha yangu, naye akiiona anageukia ukuta. Ni kama taa za barabarani kule Mbeya mjini, tofauti ni kwamba hizi zinaheshimiwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kununua tochi kwa Ambokile, jirani yetu mwenye duka hapo mbele. Huuza kila kitu, na ushauri anatoa bure, ndiyo maana hauishi.

"Mama Tusa, tochi hii hapa. Unaitilia mawe, betri hizi za kawaida, au za kuchaji?"

"Tofauti yake?"

"Mawe unaweka, yanakufa, unatupa, unarudi kwangu. Za kuchaji unanunua mara moja, unazichomeka kwenye chaja, hurudi tena. Mimi kama mfanyabiashara nakushauri mawe."

"Na kama jirani?"

"Kama jirani umeme wenyewe unaujua."

Nikanunua za kuchaji, nne, pamoja na chaja. Nani amewahi kumwona mtaalamu akinunua kitu cha kutupa? Mimi ndiye ninayesimama Isongole mbele ya wakulima nikiwaambia wasitupe betri shambani kwa sababu sumu yake inaingia ardhini. Nimetoka dukani kichwa juu. Ambokile akanifuata kwa sauti: "Ukikwama, mlango uko palepale!"

Jumapili, 9 Machi

Umeme hakuna. Chaja imekaa mezani kama pambo.

Jumanne, 11 Machi

Umeme umerudi. Nimechaji. Tochi inawaka vizuri mno, ingawa Tusa anasema mwanga wa babu una ukali kuliko wangu. Nimemwambia mawe mapya ndivyo yalivyo, yanaanza kwa fujo. Tusubiri.

Ijumaa, 14 Machi

Hatukusubiri sana. Mwanga wa mzee umeanza kuwa wa njano, kisha wa chungwa. Tusa kaja anacheka hadi ameshika mlango.

"Mama, babu anaanika mawe pembeni mwa jiko la mkaa kama mahindi! Na kabla ya hapo ameyang'ata. Kweli kabisa, yana alama za meno."

Nikasema mwambie babu ni hatari, betri ikipata moto inapasuka. Akaenda. Akarudi.

"Anasema ameng'ata mawe tangu kabla hujazaliwa na bado ana meno. Halafu anauliza hizo zako za kuchaji, zikitaka kufa, zinamwambia nani? Anasema jiwe ni muungwana. Linafifia, linakuaga, unajua umebakiza siku ngapi. Ya kuchaji inaondoka kama mpangaji anayedaiwa kodi."

Nimekosa jibu. Nimeandika hapa kwamba nitalipata.

Jumatano, 19 Machi

Nimelipata, na sikulifanyia kazi. Mawe ya mzee yametoka maji ndani ya tochi, yakaacha unga mweupe, ikabidi akwangue kwa kisu asubuhi nzima. Yangu safi. Nimefurahi kidogo, Mungu anisamehe. Nimemtuma Tusa apeleke salamu za pole, na chini ya pole nikaweka swali: huo ndio uungwana wa jiwe?

Jibu: "Hata muungwana anaugua."

Kidonda kinapungua. Nesi kafurahi.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani. Mzee alitangulia na Ambokile, mimi nikafuata nyuma kabisa, nikakaa nyuma ya nguzo. Mahubiri yalikuwa juu ya nuru. Sikuthubutu kumtazama Tusa.

Jumanne, 25 Machi

Tusa ameitwa kwenye usaili Dodoma, na atabaki huko mpaka majibu yatoke. Furaha, vigelegele, nimempigia pasi suti yake mwenyewe. Ni baada ya basi kuondoka ndipo nilipokumbuka kwamba balozi wangu ameondoka, na uani tumebaki nchi mbili zisizo na uhusiano.

Chakula naweka kwenye kigoda mlangoni kwake, nabisha, nakimbia. Kwa umri wangu na umbo langu, kukimbia ni neno la heshima tu. Kliniki anapelekwa na Ambokile, anayefunga duka kwa ajili hiyo, halafu anatangaza mtaa mzima kwamba amefunga duka kwa ajili hiyo.

Alhamisi, 27 Machi

Leo mzee amesema nami. Au tuseme amesema na kuku.

Nilikuwa jikoni, yeye chumbani kwake, mlango wazi, na yule tetea wangu wa madoa anachakura katikati ya uani. Nikasikia sauti:

"We kuku. Nasema na wewe kuku. Mwambie mwenye nyumba hii ndizi za leo zimeiva vizuri, ila chumvi ameisahau Singida."

Nikashika mwiko hewani. Nikafikiri. Kisha nikachungulia dirishani upande wa tetea.

"Kuku, mwambie mgeni wetu nesi ndiye aliyekataza chumvi."

Tetea akala funza.

"Kuku, mwambie nesi alikataza chumvi nyingi. Hakukataza chumvi."

Nikaleta chumvi kigodani. Tangu hapo kuku yule hana raha, ila ni kuku mwenye kazi ya serikali.

Jumatatu, 31 Machi

Kuku leo amebeba hoja za betri tangu chai ya asubuhi. Upande wa mzee: mawe yanapatikana hata kijijini kusiko na waya, hayahitaji ruhusa ya shirika lolote. Upande wangu: nimechaji zilezile mara nyingi tangu niliponunua, wakati chini ya migomba kwake Lufingo (nilipaona) kumejaa mawe yaliyokufa kama makaburi ya panya.

"Kuku, mwambie panya walikufa kwa sumu yake ya viazi."

Huyu mzee ni mchekeshaji! Miaka yote hii nilidhani nimeolewa kwenye familia ya mgongo mkali.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Mnazi wa jirani wangu wa utotoni Singida ungelia wivu, kama Singida ingekuwa na minazi.

Umeme unakuja kupiga chafya na kuondoka.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo nusura. Nilikuwa natoka bafuni jioni, ukungu mzito, tochi yangu inawaka kama kawaida, kali, nyeupe, hakuna dalili. Nikiwa katikati ya uani ikazimika. Haikufifia, haikupepesa. Mpangaji kahama. Na palepale mlango wa mzee ukalia kwiii, nuru yake ikachomoza. Nikaruka nyuma ya mgomba na kanga yangu na ndoo yangu, nikasimama hapo kama mgomba wa pili, mnene kuliko wa kwanza. Nuru ikapita taratibu hadi chooni, ikarudi taratibu. Ilipofika usawa wa mgomba ikasimama.

"Kuku," ikasema nuru. Kuku alikuwa ameshalala. "Kuku, mwambie mwenye nyumba jiwe lingemuaga mapema."

Nimejifunza pia kwamba za kuchaji zikikaa bure kwenye droo, chaji inavuja yenyewe. Zile mbili za akiba nilizozitegemea nimezikuta hazina kitu.

Alhamisi, 10 Aprili

Umeme umekaa tangu asubuhi, kwa mshangao wa wote. Nimechaji zote nne. Mbili nimeziweka kigodani kwa mzee chini ya sahani ya ndizi, kama zawadi. Hakuzirudisha.

Jumamosi, 12 Aprili

Nina mengi ya kuandika leo. Niende pole.

Umeme ulikatika jana asubuhi. Nguzo imeanguka mahali, wanasema. Mimi, kwa kubana chaji, leo nikaanza kutembea uani tochi ikiwa mfukoni, haijawashwa, kwa hoja kwamba nitaona nuru ya mzee. Nikiangalia upande mmoja tu inatosha, nilijiambia. Mzee naye, kwa upande wake, alikuwa ameamua kufanya suluhu. Ameniambia baadaye, kupitia njia nitakayoieleza. Alichukua moja ya betri zangu za kuchaji na moja ya mawe yake ya zamani, akazitia pamoja kwenye tochi moja. "Ili wafundishane kazi." Mtaalamu yeyote angemwambia betri za aina mbili hazikai nyumba moja, mchovu anamnyonya mzima na wote wanalala. Lakini mtaalamu alikuwa uani bila tochi.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, ukungu ukiwa kama pamba. Nimejaza ndoo bombani, nazunguka kona ya jiko. Naye anazunguka kona ileile kutoka upande wa pili, tochi mkononi, imekufa.

Niliona kofia tu ikiruka. Nilifumba macho kabla ya akili kuniambia, ndoo ikaenda zake, nikasikia kishindo na neno la Kinyakyusa ambalo mke wa mwana hapaswi kulijua. Nikageukia ukuta. Nikasimama nimebana paji la uso kwenye tofali. Nyuma yangu mtu anainuka kwa shida, anapumua, anajikokota, mguu mmoja unaburuzwa kwenye tope. Mlango ukafungwa kwa nguvu.

Nilipogeuka niliona bendeji imebaki chini, nusu yake, imelowa tope jekundu.

"Ambokile!" Ni sauti ya mzee kutoka ndani. Kuku hakuitwa, na hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika. "Ambokile! Niitie bodaboda. Narudi kwangu."

Ambokile alikuja mbio na mwavuli. Akaingia, akatoka. Akanikuta nyuma ya jiko.

"Mama Tusa, hakuna boda atakayepanda Lufingo na mvua hii. Nimemwambia kesho alfajiri. Amekubali. Ila kidonda kimejaa tope, na kwenda hospitali hataki, anasema yeye ni msafiri."

"Kioshe wewe."

"Mimi?" Ambokile akarudi hatua. "Mama Tusa, mimi kuku nachinjiwa na mke wangu. Nikiona nyama ya mtu nalala hapohapo, mtakuwa na wagonjwa wawili."

Nikampigia Jairo. Akasikiliza yote. Akasema, "Mke wangu, mimi niko Chunya." Nikamwambia hilo nalijua. Akasema, "Mbembeleze." Nikamuuliza kwa mdomo gani. Simu ikakatika, kwa mtandao au kwa uoga, sijui.

Nikakaa jikoni nikitazama moto. Tope lile mpaka kesho, kisha njia ya Lufingo juu ya pikipiki, kisha huko hakuna nesi. Nilijua ninachokitazama. Nimeona viazi vikiozea ghalani kwa sababu mtu aliona aibu kulifungua.

Nikachemsha maji na chumvi, nikayaacha yapoe. Nikachukua gozi na bendeji ambazo nesi alitupa za akiba. Nikavuka hadi dukani nikasema, "Ambokile, nipe mawe. Mapya. Ya kutupa." Jamaa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakutoa ushauri.

Kisha nikaenda kusimama mlangoni kwa mzee, nimegeuza mgongo, beseni mkononi. Tetea hakuonekana popote.

"Kuku hayupo," nikasema. "Kwa hiyo nasema na mlango. Mlango, mwambie mwenye mguu hakuna aliyemwona. Mimi nilifumba macho."

Mvua ilipiga bati.

"Mlango, mwambie ndani mna giza, umeme hakuna, dirisha limefungwa. Atakaa kitini, atashika tochi, ataumulika mguu peke yake. Mimi nitaona mguu. Yeye ataona mikono. Mguu si mkwe, na mikono si mke wa mtu."

Nilianza kuhesabu matone, nikaacha.

"Mlango," ikasema sauti ndani, polepole. "Mwulize hiyo tochi ina mawe gani."

"Mawe mapya. Ya kutupa."

"Si zile za kuondoka bila kuaga?"

"Mlango, mwambie kazi hii sitaki taa itakayozimika bila kutuambia, halafu tukashtuka na kutazamana. Nataka inayoaga."

Nikasikia kiti kinaburuzwa. Kitasa kikazungushwa. "Basi," sauti ikasema, "mlango umekubali."

Niliingia kinyumenyume. Nikampa tochi kwa mkono wa nyuma, ikapokelewa. Nuru ikawaka, duara dogo kama sahani ya chai, ikatua sakafuni, ikatafuta, ikaupata mguu. Nikageuka, nikapiga magoti, nikatazama ndani ya lile duara tu. Ulimwengu wote ulikuwa pale: mguu mwembamba wa mzee, mifupa, mishipa, tope, na kidonda. Kilikuwa kinapona. Ngozi changa ya waridi pembeni kote, na katikati tope.

Nikaosha. Nuru ilitetemeka mara moja, maji ya kwanza yalipogusa, kisha ikatulia. Nikitaka kuona upande wa kushoto, duara linakwenda kushoto kabla sijafungua mdomo. Nikawaza kwamba sijawahi kufanya kazi na mtu kwa kuelewana hivi, na mtu mwenyewe simjui sura.

Ndipo akaniambia habari ya suluhu yake, jiwe moja na la kuchaji moja. Kisha, baada ya muda:

"Mlango. Huyu binti alipoletwa kutoka kwao, nilikuwa nakohoa nikikaribia nyumba. Ndiyo desturi. Lakini yeye hakukijua kikohozi chetu. Alikuwa anakuja mbio kuuliza kama mgonjwa anataka maji. Mara ngapi nimerukia mashamba ya kahawa za watu kujificha! Nikaenda Tukuyu nikanunua tochi."

Nikafunga bendeji. Nilifunga fundo mara mbili kwa sababu la kwanza sikuliona vizuri, na si kwa kosa la mawe.

Jumapili, 13 Aprili

Bodaboda alipiga honi alfajiri getini. Nikiwa stoo nilimsikia mzee akimwambia kwa dirisha: "Nenda zako, mwanangu. Hapa hakuna aliyekutana na mtu. Na mguu umepata daktari wa viazi."

Jumanne, 15 Aprili

Nesi amekiona. Akauliza ni nani aliyekiosha Jumamosi. Ambokile akajibu, "Ni sisi." Sisi!

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Jairo amekuja kwa siku mbili. Amekuta baba yake na mke wake wanabishana bei ya viazi kupitia tetea. Akasimama uani na mabegi yake. "Niliwaacha hamsemezani," akasema. Nikamwambia bado hatusemezani.

Mbuzi alikuwa mtamu. Kuku, kwa sababu za kidiplomasia, hakuguswa.

Ijumaa, 25 Aprili

Tumefikia makubaliano ya kiufundi. Tochi ya uani, inayotumika kila siku, tunatia za kuchaji, mbili zikiwa kazini na mbili kwenye chaja, tunabadilishana kabla hazijafa na si baada. Tochi ya akiba, inayokaa msumarini kungoja siku mbaya, tunatia mawe, kwa sababu mawe yanajua kungoja. Mawe yakifa hayatupwi migombani. Mzee anayaweka kwenye kopo la rangi, na anasema atamkabidhi mtaalamu, mtaalamu atajua pa kuyapeleka. Mtaalamu hajui pa kuyapeleka. Ameandika barua wilayani.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi. Nimepumzika kama mfanyakazi, yaani nimefua.

Tusa amepata kazi, anaripoti Julai. Mzee ameimba wimbo mzima kwa sauti ya pili, na wa sauti ya kwanza hakuwepo.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua imepungua. Leo asubuhi mlima Rungwe ulijitokeza wote, kama mtu aliyetoka kuoga.

Nesi amesema imetosha. Kidonda kimefunga, bendeji haihitajiki tena, mzee anaweza kurudi kwake akitaka. Ambokile alileta habari hizi kwa mikono miwili hewani kama aliyefunga goli. Nikafurahi, kisha nikajikuta nimekaa kwenye gunia la mbegu, sina la kufanya jioni.

Saa kumi na mbili nikasikia: "Kuku, mwambie aje aone mguu."

Nilichukua beseni kwa mazoea, ingawa hapakuwa na cha kuosha. Nikaingia kinyumenyume kwa mazoea. Umeme ulikuwepo leo, taa ya jikoni ilikuwa inawaka, lakini chumbani kwake alikuwa ameizima, dirisha amelifunga. Nuru ya tochi ikatua sakafuni, ikapanda mguuni. Nikageuka, nikapiga magoti. Ngozi ilikuwa imefunga kabisa, laini, inang'aa kama ganda la kiazi kipya. Nikaigusa kwa kidole.

"Umepona," nikasema. Sikutaja kuku wala mlango, nilisahau.

Naye hakunikemea. Duara la nuru lilibaki hapo kidogo. Kisha likaanza kupanda. Goti. Mkono juu ya goti, wenye mishipa. Vifungo vya shati, kimoja kimoja. Nikafumba macho haraka, nikainamisha kichwa.

"Fumbua, Mama Tusa."

Sikufumbua.

"Mwenye kukataza nilikuwa mimi. Sasa nasema fumbua. Umeosha mguu wangu, utakuwaje mgeni?"

Nikafumbua. Alikuwa ameshika tochi chini ya kidevu, ameielekeza kwake mwenyewe. Alikuwa mzee wa kawaida kabisa. Masikio makubwa, nywele nyeupe kama ukungu, pua ya Tusa. Macho yalikuwa yanapepesa kwa mwanga, na nikaona kwamba na yeye anaogopa.

Mimi, ambaye sijapata kukosa neno hata mbele ya mkuu wa wilaya, neno nililolipata lilikuwa moja tu, lile ambalo sikuwahi kumpa.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akanigeuzia tochi mimi. Akanitazama kuanzia kilemba hadi magotini, kwa utulivu, kama mtu anayekagua ng'ombe aliyekwisha kumlipia.

"Lo!" akasema. "Kumbe mfupi hivi! Sauti yako ni ya mwanamke mrefu. Miaka yote hii nimejificha kwenye kahawa za watu nikimwogopa mwanamke mrefu!"

Nikamwambia urefu wangu wote umeishia kwenye kuinamia mguu wake. Akaanza kucheka. Kicheko chake nacho sikuwa nakijua. Anacheka kama Jairo, anaanzia mabegani, halafu sauti inakuja baadaye.